Nafasi ya Mwau

Kambu
Jumapili, 29 Desemba 2024

Baba Mapacha,

Tuko wazima. Mbuzi ni wazima, mvua imenyesha ikakatikia katikati kama kawaida yake, na mamako bado analalamikia goti, kwa hivyo ujue hakuna kilichobadilika. Abdifatah ameniambia lori lake la maji linakuja huko kambini kwenu kesho, nikamwomba angoje niandike. Ameketi hapa nje anakunywa chai na kuangalia saa. Simu yako nimepiga mpaka nimechoka, na hata sijui kwa nini napiga, maana najua huko porini hakuna netiweki.

Jambo lenyewe ni hili. Watoto wanaanza gredi ya kwanza Jumatatu ya tarehe sita, shule ya ng'ambo ya barabara. Najua tulisema wangoje kidogo. Lakini wametimiza miaka saba. Mbithe anasoma maandishi ya pakiti za unga kwa sauti mpaka mamako, Susu wao, anamwambia anyamaze. Mwau naye kila shule ikifunguliwa husimama pale njiani akiwaangalia watoto wa wenyewe wakipita na mikoba. Anawaangalia tu mpaka waishe. Siwezi kumwona akisimama hivyo mwaka mwingine.

Sasa nisikilize vizuri. Kule ng'ambo hakuna anayejua kwamba Mwau huanguka, na sitaki wajue. Unakumbuka kule nasari. Unakumbuka yule dada aliyemtia kijiko mdomoni mpaka jino likavunjika, na watoto waliokimbia wakipiga nduru, na wazazi walivyoitisha kikao juu ya mtoto wangu kana kwamba ni mbwa aliyeuma mtu. Mama mmoja alisema mate yake yanaambukiza. Alisema hivyo nikiwa nimeketi papo hapo. Nilimbeba Mwau nikatoka naye, na njiani akaniuliza, "Mama, nimefanya nini?"

Dawa anameza asubuhi na jioni, sijaruka. Hajaanguka tangu tuvune ndengu. Pengine ameshapona. Nimemshika Mbithe mabega nikamwambia, "Ndugu yako akianguka, sema amejikwaa. Yeyote akikuuliza, amejikwaa." Amekubali. Ameniapia.

Na wewe usiseme. Watu wa ng'ambo wengi huja huko kutafuta kibarua cha kujenga huo ua wa kuzuia ndovu, na neno likitoka kwako litafika shuleni kabla ya watoto wangu. Naogopa, Baba Mapacha. Naamka nikiogopa, napika nikiogopa. Naogopa ataanguka, na naogopa zaidi watakavyomwangalia akiamka.

Abdifatah amepiga honi.

Kaveke


Kambi ya ua wa ndovu
Alhamisi, 2 Januari 2025

Kaveke,

Barua nimeipata. Abdifatah alinipa kabla hata hajafungua bomba la maji, akasema ulikuwa na uso wa mtu aliyefiwa. Nikaogopa kuifungua.

Nimekusikia. Sitamwambia mtu yeyote wa hapa kambini.

Barabara uwavushe mwenyewe. Usiwaachie watoto wakubwa. Yale malori yakishuka kutoka upande wa Kibwezi hayajui kusimama. Mbithe umshike mkono wa kulia na Mwau wa kushoto, wala usiongee na mtu mpaka mfike ng'ambo.

Sisi hapa tunachimba mashimo ya nguzo. Jana ndovu walikuja wakang'oa zile tulizosimika, wakaenda zao polepole kama watu wanaotoka kanisani. Wenzangu walipanda juu ya lori. Mimi nilibaki chini nikiwaangalia, nikagundua sikuwa nikiwaza ndovu. Nilikuwa nawaza Jumatatu.

Nimemwomba msimamizi ruhusa. Amesema hakuna mtu kutoka mpaka mwisho wa mwezi. Nisamehe kwamba sitakuwapo.

Kitonga


Kambi ya ua wa ndovu
Alhamisi, 2 Januari 2025

Kwa mwalimu wa gredi ya kwanza,

Hunijui. Mimi ni Kitonga, fundi wa ua. Jumatatu utapokea watoto wangu mapacha, msichana Mbithe na mvulana Mwau. Utawajua kwa sababu msichana atakuwa anazungumza na mvulana atakuwa anaangalia.

Mwau ana kifafa. Anatumia dawa ya kliniki. Kabla hajaanguka huacha kusikia. Utamwita naye atakuwa anakuangalia lakini hayupo. Hapo mlaze chini haraka. Mlaze ubavu, umwekee kitu laini chini ya kichwa, umlegeze kola, usimtie kitu chochote mdomoni. Usimshike kwa nguvu. Ngoja tu. Itaonekana ni muda mrefu sana, lakini huisha. Ikikataa kuisha, mpeleke hospitali. Akiamka atakuwa amechoka na pengine amejikojolea. Hapo ndipo naomba sana watu wasimwangalie.

Mama yao hataki mjue. Ana sababu, na si mtu mbaya. Mtoto huyu alifukuzwa mahali. Tafadhali usimwambie kwamba nimekuandikia. Najua ni vibaya kukuomba hivyo.

Ni mimi,
Kitonga Muli


Kambu
Jumamosi, 4 Januari 2025

Ndugu Kitonga,

Dereva wa maji amenikabidhi barua yako leo, nikiwa darasani nikipanga madawati. Nami nimeamua kukueleza ukweli kama ulivyonieleza wewe.

Sijawahi kumshika mtoto wa namna hiyo. Nina mwaka mmoja tu katika kazi hii. Niliposoma mahali ulipoandika kwamba atakuangalia lakini hayupo, nilifunga mlango nikaketi. Ninaogopa kwamba siku itafika na mikono yangu itasahau.

Kwa hiyo nimejifunza kwa kufanya. Nimemlaza ndugu yangu mdogo sakafuni jioni hii, ubavu, mara nyingi, mpaka akaniuliza kama ameniudhi. Na Jumatatu asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote, nitawafundisha watoto wote la kufanya mwenzao akianguka. Sitataja jina. Nitasema ni somo la kwanza la shule, na wao watafikiri kila shule huanza hivyo.

Mimi nilizaliwa Mtito Andei, lakini siku niliyoanza shule nilikuwa msichana pekee mwenye hijabu, na nilijua Kisomali peke yake. Ninajua watu wakikuangalia inakuwaje.

Kuhusu mama Mwau, sitamwambia. Lakini akiniuliza ana kwa ana, sitamdanganya. Hilo ulijue mapema.

Madam Ismahan Hared


Kambu
Jumatatu, 6 Januari 2025, jioni

Baba Mapacha,

Nimewavusha. Nilifanya ulivyosema, huyu kulia, huyu kushoto. Mwau sweta limemmeza mpaka magotini. Getini alinipa mkono kama mtu mzima anayesafiri, akasema, "Haya, Mama." Mbithe hata hakugeuka.

Sikurudi nyumbani. Kuna kibanda cha mandazi kando ya ua wa shule, cha mama anaitwa Kavindu. Niliketi hapo nikamdanganya kwamba namngoja mtu kutoka Malili. Kila kelele iliyotoka darasani iliniinua. Kiti kikianguka, nasimama. Watoto wakicheka, nasimama. Kavindu akaniambia, "Huyo mtu wako amekukopa nini?" Nikacheka, lakini meno yalikuwa yanagongana, na jua lilikuwa kali.

Wakati wa uji wakatoka nje. Nilimwona Mwau ameketi na kikombe chake karibu na ukuta, na Mbithe karibu yake, nikaanza kupumua. Nikageuka kidogo tu kumpisha mtu wa pikipiki. Nilipoangalia tena Mwau hakuwepo. Watoto walikuwa wamefanya duara mahali alipokuwa.

Niliruka ule ua. Sijui niliruka vipi, gauni limechanika. Nilijua nitakachokikuta. Kijiko, nduru, watu wameshika pua. Lakini hapakuwa na kelele, Kitonga. Hicho ndicho kilichonitisha zaidi, nilidhani amekufa. Wale watoto walikuwa wameshikana mikono, wameelekeza migongo ndani na nyuso nje, kimya. Nilipotaka kupita, kasichana kamoja kakaniambia, "Ngoja kidogo, mama. Anapumzika."

Niliwasukuma nikapita. Mwalimu, yule Madam wa Kisomali, alikuwa amepiga magoti. Mwau amelala ubavu, sweta la mwalimu chini ya kichwa, kola imefunguliwa. Alikuwa anamalizia kutetemeka. Mwalimu aliniangalia akasema, "Inaisha. Inaisha sasa." Sijui alikuwa ananiambia mimi au anajiambia mwenyewe.

Ningeshukuru. Mtu mwenye akili angeshukuru. Lakini mimi niliona kitu kimoja tu: walikuwa wanajua. Watoto wote wale, siku ya kwanza, walikuwa wanajua. Mtu amesema. Na ni nani mwingine angeweza kusema?

Nilimbeba Mwau mgongoni nikamshika Mbithe mkono nikatoka bila kuaga. Nyumbani nilimchapa Mbithe. Nilimchapa sana, Baba Mapacha. Nilimwambia, "Uliniapia!" Hakulia wala hakunijibu. Aliyelia ni Mwau, kitandani. Susu alininyang'anya ule ufito akautupa nje, hatujasemeshana mpaka sasa.

Hawarudi tena pale. Wasubiri tena, au tuhame, sijui.

Kaveke


Kambu
Jumatano, 8 Januari 2025

Kitonga,

Lori la Abdifatah lilikuwa limeharibika, kwa hivyo barua ya Jumatatu bado iko hapa. Utazipata pamoja. Anza na ile.

Jana asubuhi niliwaambia watoto hakuna shule, nikaenda kuchota maji. Niliporudi Mwau alikuwa amelala, na Mbithe hayupo. Niliita chooni, niliita kwa mbuzi. Susu alidhani yuko nami. Kisha nikaangalia msumari ambapo yunifomu huning'inia, nikaona ya Mwau peke yake.

Ile barabara, Kitonga. Peke yake.

Nilikimbia bila viatu. Nilipofika karibu na lami nikaona lori limesimama ovyo katikati, taa zinawaka na kuzima, na watu wameinama mbele yake. Naapa mbele ya Mungu, nilisimama nikashindwa kwenda mbele, nikawa nasema tu, "Si yeye, si yeye, si yeye," mpaka mzee mmoja akaja akanishika akauliza kama ni mbuzi wangu. Mbuzi! Nilimkumbatia mzee wa watu. Nikavuka hata sikumbuki nilivukaje.

Mbithe alikuwa darasani. Ameketi wima, mikono juu ya dawati, kama mtu anayepigwa picha. Alikuwa amengoja mama mmoja mwenye gunia la makaa akavuka naye. Madam akanitoa nje polepole, akaniambia, "Hakai kwa kiti chake. Nimemwambia arudi kwake, amekataa. Hicho alichokalia ni cha ndugu yake. Anasema anakaa hapo mtu asichukue nafasi ya Mwau."

Nikamwambia, "Ungejua nilivyomfanya huyu mtoto. Amekwambia siri niliyomkataza, nami nikamchapa."

Mwalimu akasema, "Mama Mwau, Mbithe hajaniambia neno. Jumatatu baada ya kumlaza ndugu yake nilimwuliza imekuwaje. Alisema amejikwaa. Nikamwuliza tena, akasema amejikwaa."

"Basi nani alisema?"

Aliniangalia kwanza. Nadhani alikuwa anapima kama nitaanguka na mimi. Akasema, "Ni baba yake."

Kwa hivyo ni wewe. "Mtu yeyote wa hapa kambini." Nimeisoma hiyo barua yako tena na nimeona ulivyoichonga hiyo sentensi. Ulijua unachofanya. Nilikuwa hapa peke yangu na hofu hiyo yote, na mtu pekee niliyemwambia akanizunguka nyuma. Nimemchapa mtoto asiye na kosa. Mkono ulikuwa wangu, hilo silikatai, hakuna aliyenisukuma. Lakini ungeniambia, nisingeuinua.

Na sasa nikuambie kinachoniuma kuliko hayo yote. Usingesema, mwalimu huyo angefanya nini Jumatatu? Nimewaza tangu jana. Naona kijiko.

Jioni nilimketisha Mbithe nikamwomba msamaha. Akasema, "Mama, lakini mimi sikusema."

"Najua."

"Hata Madam aliponiuliza."

"Najua, mwanangu."

"Nilisema amejikwaa. Na alikuwa ameketi!"

Halafu ndipo akalia, kwa kitu hicho, kwamba uongo wake ulikuwa mbaya na pengine Madam alijua. Tulilia wote wawili. Susu akaleta chai akatuwekea.

Kesho nitawapeleka wote wawili. Nimesema kesho. Usiniulize kama nina hakika.

Kaveke


Kambi ya ua wa ndovu
Jumamosi, 11 Januari 2025

Kaveke,

Nimesoma zote mbili nikiwa nimesimama na koleo mkononi. Wenzangu waliniuliza nani amekufa.

Nilijua ungekataa, ndiyo maana sikukuambia. Sina maneno mengine mazuri kuliko hayo. Nilikuwa naona picha moja tu kichwani, Mwau amelala na watu hawajui la kufanya, na sikuona wewe. Ningepaswa kukuona. Ningekuandikia wewe kwanza, "Nitamwambia mwalimu hata ukikasirika," ukasirike nami mimi. Sasa hasira yako ilimwangukia aliye karibu.

Hapa chini nimemwandikia Mbithe kwa herufi kubwa. Mwache asome mwenyewe.

MBITHE. NI MIMI BABA NILIMWAMBIA MADAM. WEWE HUKUSEMA. ULITUNZA NENO LA MAMA. POLE KWA KUCHAPWA KWA AJILI YANGU. LAKINI USIVUKE BARABARA PEKE YAKO TENA. BABA ALIOGOPA SANA.

Kaveke, hujaniambia kama walienda Alhamisi. Abdifatah anasema hakukuona. Nauliza kila lori linalopita na hakuna anayejua. Niandikie hata mstari mmoja.

Kitonga


Kambu
Jumapili, 26 Januari 2025

Baba Mapacha,

Umeomba mstari mmoja. Walienda. Wameenda kila siku tangu ile Alhamisi. Nilichelewa kukujibu kwa makusudi, nilitaka uonje kungoja. Sasa imetosha.

Mbithe amesoma maneno yako kwa sauti, kisha akamsomea Susu, kisha mbuzi. Amerudi kwa kiti chake. Mwau amekaa kwa chake, na amejua kuandika jina lake, ingawa ile herufi ya w anaiangalia kwanza kama mtu anayetaka kuipiga.

Ameanguka tena. Ilikuwa Jumatano, darasani. Sikuwepo. Nililetewa habari saa ya kutoka, na Mwau mwenyewe ndiye aliyeniletea. "Leo nilianguka," akasema, halafu akaniambia kuhusu mpira. Mimi nikakaa chini hapo getini. Siku hiyo alichoka, ndiyo, na suruali ilikuwa ya kuazima, lakini alikuwa anasimulia mpira. Kliniki wamenipa tarehe ya karibu tumpeleke wapime dawa upya. Ukirudi mwisho wa mwezi tutaenda wote.

Bado naogopa. Usidhani imeisha. Nikisikia pikipiki inakuja mbio kutoka upande wa shule, mkono unaacha kazi wenyewe. Na wewe bado nina neno na wewe, tutaongea ukifika, si kwa karatasi.

Lakini jana kuna jambo lilitokea, ndilo lililonifanya niandike leo.

Nilikuwa natoka sokoni, karibu na pale malori huegesha. Nikaona mama mmoja anavuka kuja upande wangu, amekaza uso, anatembea haraka. Nilimjua. Ni mama ya Kathini, kale kasichana kalikoniambia ningoje. Nikajua siku imefika. Nilianza kupanga la kusema. Nilisema moyoni, akitaja mate nitamrukia. Nilisema pia, hapana, nitawachukua watoto kimya nitoke nao kama zamani. Mpaka akanifikia sikuwa nimechagua.

Akasema, "Wewe ndiye mama ya Mwau?"

Nikasema, "Ni mimi. Kuna nini?"

Akaangalia kando. Yeye pia alikuwa anaogopa, Kitonga. Akasema, "Huyu wangu kila jioni ananilaza sakafuni. Ananiambia ninafanya vibaya. Na mimi nina dada yangu huko Malili, huanguka, na tangu utotoni kazi yetu imekuwa kumkimbia tu. Sasa mtoto ameniuliza huwa tunamlaza vipi. Nifundishe."

Watu walikuwa wengi pale. Madereva, wauza maembe, vijana wa pikipiki. Nilitazama huku na huku, kama mwizi. Kisha nikaweka kikapu chini, nikajilaza kwenye vumbi, ubavu, mkono chini ya shavu, mbele yao wote.

"Anza na kichwa," nikamwambia.

Akapiga magoti, akakunja leso yake, akakiinua kichwa changu.

Kaveke